Stima Ndiyo Iliyopanga Kiwanda: Chai na Mota kutoka Kericho hadi Chepilat

Historia ya chai ya Kericho na Bomet imeandikwa sana, na karibu kila mara huandikwa kutoka shambani: ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis, Brooke Bond na African Highlands ya James Finlay kuingia katika miaka ya 1920, vibarua na kambi zao, wakulima wadogo na shirika lao la KTDA, na juzijuzi mashine za kuchuma majani zilizochomwa moto Kericho mwezi Mei 2023. Yote hayo yana haki ya kuandikwa. Lakini jani likishachumwa huingia kiwandani, na huko swali la kwanza kwa karibu miaka mia limekuwa lilelile: nguvu ya kuzungusha mashine itatoka wapi, na itaifikiaje kila moja? Hoja yangu ni kwamba jibu la swali hilo lilitangulia karibu kila uamuzi mwingine. Mahali pa kujenga kiwanda, ghorofa zake, mpangilio wa mashine ndani yake, hata zamu ya kuziwasha alfajiri, vyote vilifuata aina ya nguvu iliyopatikana. Tumezoea kudhani kwamba mtu hununua mashine kisha akaitafutia stima ya kuiendesha. Katika nyanda hizi za chai mambo yalikwenda kinyume: stima ilichaguliwa kwanza, au ilijichagua yenyewe, na mashine ikatii. Ni katika miaka ya karibuni tu, kwa sababu ya kifaa ambacho mafundi wetu hukiita inveta, ndipo mpangilio huo ulipoanza kupinduka, na bado haujapinduka kwa wote.

Soko la Chepilat linafaa kuipima hoja hii. Liko kwenye barabara ya kutoka Sotik kwenda Keroka, pale Bomet inapopakana na Nyamira, na linazungukwa na kila aina ya mtumiaji wa mota. Upande wa Sotik kuna mashamba makubwa ya makampuni yenye viwanda vyao. Upande wa Borabu kuna wakulima wadogo, wengi wao kwenye ardhi iliyokuwa ya walowezi na kugawanywa karibu na uhuru, ambao majani yao huenda viwanda vya KTDA kama Nyansiongo. Na sokoni penyewe kuna mashine za kusaga posho na mafundi wa kuchomelea vyuma, watu ambao hawaonekani katika kitabu chochote cha historia ya chai ilhali wanakabiliwa na tatizo lilelile la mwenye kiwanda, kwa kipimo kidogo zaidi.

Tuanze na mito. Orodha za mitambo midogo ya umeme wa maji nchini Kenya zinataja mtambo wa Savani huko Nandi, wa takriban kilowati 90, uliojengwa 1927. Mwaka 1934 James Finlay ilikuwa na mitambo miwili Kericho, mmoja wa kilowati 300 hivi na mwingine wa 400. Brooke Bond nayo ilijenga minne, mdogo kabisa ukiwa wa kilowati 90 na mkubwa wa 240. Kwa nini makampuni ya chai yajigeuze makampuni ya umeme? Wakati ule Kampuni ya Umeme ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1922 kwa kuunganisha kampuni za Nairobi na Mombasa, ilikuwa ikihudumia miji na haikuwa na sababu ya kupeleka nguzo msituni. Mafuta ya dizeli yalishukia kwenye reli, na stesheni ya karibu ilikuwa Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion; kutoka hapo hadi Kericho ni kupanda na kushuka kwenye matope, tena katika nchi ambayo mvua hunyesha karibu kila alasiri. Mvua hiyohiyo iliyoharibu barabara ndiyo iliyojaza Kiptiget, Itare na mito mingine inayoshuka kutoka msitu wa Mau. Kwa hiyo mto ulikuwa nguvu iliyopatikana, na gharama yake ililipwa mara moja, wakati wa kuchimba mfereji na kulaza bomba la kushushia maji hadi kwenye turbini.

Kiwanda kilichotangulia mota za umeme, kule Assam na Ceylon ambako utaalamu wa chai ulitoka, kilikuwa na injini moja au gurudumu moja la maji, na shafti ndefu iliyopita juu ya vichwa vya wafanyakazi kutoka ukuta hadi ukuta. Kila mashine ilichukua mzunguko wake kwenye shafti hiyo kwa mkanda na puli. Mpangilio huo una amri zake. Mashine lazima zikae kwenye mstari, sambamba na shafti. Kasi ya kila moja huamuliwa na kipenyo cha puli yake, hivyo kuibadilisha ni kazi ya kusimamisha, kutoa mkanda na kufunga puli nyingine. Mkanda mkuu ukikatika, kiwanda kizima hunyamaza. Kunyausha majani, ambako ni hatua ya kwanza na ndefu kuliko zote, hakukuweza kupewa feni nyingi zilizotapakaa kila mahali, maana shafti haifiki kila mahali. Majani yalitandazwa kwenye rafu za turubai ghorofani, juu ya vikaushio, ili hewa ya joto inayopanda iyapitie. Mtu akiuliza kwa nini viwanda vya zamani vya chai ni majengo marefu yenye madirisha mengi juu, jibu limo katika shafti: hakukuwa na njia rahisi ya kupeleka nguvu kwenye mashine ndogondogo nyingi, kwa hiyo jengo lenyewe lilifanywa dohani. Mabwawa ya kunyaushia yenye feni zake, yanayolazwa sakafuni, yalienea baada ya kila feni kuweza kupata mota yake.

Mota hiyo ilikuwa ya fezi tatu, aina aliyoitengeneza Mikhail Dolivo-Dobrovolsky katika kampuni ya AEG ya Ujerumani mwaka 1889. Ni mashine nyofu: ndani yake hakuna brashi, hakuna kinachogusana isipokuwa beringi, na huanza kuzunguka yenyewe kwa sababu fezi tatu zinazopokezana huzungusha uga wa sumaku. Ubaya wake ni mmoja, na ubaya huo umetawala maisha ya mafundi wa viwandani kwa miongo mingi. Inapowashwa moja kwa moja huvuta ampea mara sita hivi ya zile inazohitaji ikiwa imeshika kasi. Tuchukue hesabu ya mtambo wa kilowati 300, kama ule mdogo wa 1934, ukitoa volti 415. Uwezo wake wote ni kama ampea 520. Mota moja ya kilowati 30, ambayo kazini hutumia ampea zipatazo 54, itadai zaidi ya 300 katika sekunde zake za kwanza. Yaani mota moja, isiyo kubwa hata kidogo kwa kiwanda cha chai, inakwapua zaidi ya nusu ya mtambo mzima. Taa hufifia, turbini hulemewa na kupunguza mwendo, masafa ya stima hushuka, na kwa kuwa kasi ya mota hufuata masafa, kila mashine iliyokuwa ikifanya kazi hupunguza mwendo pamoja nayo.

Ndiyo maana stata ya nyota na delta ikawa chombo cha kawaida kiwandani. Mota yake hutoa nyaya sita badala ya tatu. Mwanzoni kontakta ya nyota hufunga ncha tatu pamoja, kila koili ikapata volti kama 240 badala ya 415, na ampea zinazovutwa kwenye laini zikashuka hadi theluthi moja. Baada ya sekunde kadhaa saa ya stata huachia kontakta ya nyota, ya delta ikashika, na mshindo wake husikika ukumbi mzima. Bei ya nafuu hiyo ni kwamba nguvu ya kusukuma nayo hushuka hadi theluthi. Mashine iliyojaa majani haiwezi kuamka kwa theluthi ya nguvu. Hivyo likazaliwa sharti la kuwasha mashine zikiwa tupu na kuzilisha baadaye, na la kuwasha feni za mabwawa moja baada ya nyingine, kamwe si kwa pamoja. Sheria hizo hufundishwa wafanyakazi wapya kana kwamba zinatoka kwenye tabia ya chai, kumbe zinatoka kwenye ufinyu wa stima. Chai yenyewe haijali feni ipi imetangulia.

Msomaji anayeijua biashara ya chai atapinga hapa, na ana haki. Atasema kwamba kilichobadilisha viwanda vya Kenya ni soko, na mashine iliyoletwa na soko ni CTC, ile iliyobuniwa na William McKercher huko Assam mwanzoni mwa miaka ya 1930, inayopitisha jani kati ya rola mbili zenye meno, moja ikizunguka kwa kasi mara kumi ya mwenzake. Waingereza walitaka chai inayotoa rangi haraka, na baadaye chai ya kutiwa kwenye vifuko. Katika miaka ya 1960 na 1970 viwanda vya Kenya vikahamia CTC, na leo karibu chai yetu yote ni ya namna hiyo. Stima, atasema, ilifuata tu. Sikatai kwamba soko ndilo lililoitaka chembe ile ndogo nyeusi. Ninachosema ni kwamba soko lilikuwepo miaka mingi kabla ya viwanda kuhama, na tofauti kati ya mashine ya zamani na mpya inaeleza mengi kuhusu kuchelewa huko. Meza ya kuviringisha majani ya zamani ilizunguka polepole, mizunguko chini ya mia kwa dakika, na ikipungua kidogo kwa sababu mto umepungua, jani haliharibiki. Rola ya CTC yenye kasi huzunguka mamia ya mara kwa dakika, na ubora wa mkato unategemea kasi hiyo isiyumbe. Kuzifunga jozi kadhaa za rola kwa mfululizo, mbele yake rotovani ya kusaga, nyuma yake vitanda vya kuchachusha na vikaushio vyenye feni kubwa, ni kutaka stima nyingi isiyotikisika. Soko liliagiza, aliyeweza kuitikia ni yule mwenye stima ya kutosha. Kudai kwamba moja lilitosha bila la pili ni kuisoma historia kwa jicho moja.

Stima hiyo nyingi ilikuja kutoka mbali. Mtambo wa Owen Falls ulifunguliwa Jinja mwaka 1954, na mwaka huohuo Kampuni ya Kenya Power iliundwa ili kuvuta laini ya kilovolti 132 kutoka Tororo hadi Nairobi. Kufikia 1958 Kenya ilikuwa ikinunua megawati 30 kutoka Uganda kwa njia hiyo. Baadaye matawi yake yalifika Magharibi na Nyanza, na Chemosit, kusini mwa mji wa Kericho, ikawa kituo cha kugawia stima kuelekea Sotik na Kisii. Katika miaka hiyo ndipo dola ilipoanza kujenga viwanda vya wakulima wadogo. KTDA iliundwa 1964, ikarithi shughuli za mamlaka iliyoitangulia, ya 1960, na ukitazama ramani ya viwanda vyake katika ukanda huu, Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros, Nyansiongo, utaona kwamba havikukaa kando ya maporomoko ya maji. Vimekaa katikati ya wakulima, ili gari la majani lisisafiri mbali kutoka vituo vya kununulia, maana jani lililobanwa kwenye magunia kwa saa nyingi huanza kuchachuka lenyewe. Uhuru huo wa kuchagua mahali ulitokana na laini ya stima na jenereta ya dizeli. Kiwanda cha kampuni kililazimika kuwa na ardhi yenye mto. Kiwanda cha mkulima mdogo kilihitaji nguzo tu. Sidhani ni haki kuusimulia mfumo wa wakulima wadogo kama tunda la siasa na mikopo ya Benki ya Dunia pekee, bila kutaja kwamba ungekuwa mgumu sana kujengwa miaka 30 kabla, wakati nguvu ilikuwa bado imefungwa mtoni.

Hata hivyo laini haikuua mto, na huu ndio ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote. Kama stima ya taifa ingekuwa jibu kamili, makampuni yangeiacha mitambo yao ipate kutu. Badala yake Finlay iliongeza mtambo mwaka 1980, mwingine 1984, na mwaka 1999 ukaja mkubwa kuliko yote iliyotangulia, wa megawati 1 na ushei. Hospitali ya misheni ya Tenwek, Bomet, nayo ilijenga wake wa kilowati 320 kwenye mto Nyangores. Muda mfupi baada ya mtambo wa 1999, ukame ulikausha mabwawa ya mto Tana na nchi nzima ikaingia kwenye mgao wa stima mwaka 2000. KTDA ilijifunza somo hilo kwa kuchelewa: mwaka 2009 kiwanda cha Imenti, Meru, kilianza kujizalishia, na kampuni za umeme za wakulima zikaundwa baada yake. Mtu wa hesabu atasema hapa hakuna fumbo, stima ya kujizalishia ni rahisi kuliko ya kununua, basi. Bei ina sehemu yake, tena kubwa. Lakini bei haielezi kwa nini hata kiwanda chenye mto wake huweka jenereta ya dizeli, ambayo kila uniti yake ni ghali kuliko zote. Jani lililokwisha kunyauka halisubiri stima irudi. Likikaa kwenye bwawa feni ikiwa imezimwa, hupata joto na kuwa jekundu kingoni, na shehena ya usiku mmoja huuzwa kwa bei ya takataka. Mwenye kiwanda hununua uhakika kwanza, kisha ndipo anapoangalia bei ya uhakika huo.

Uhakika una maana nyingine pia, iliyo ndogo na yenye kuudhi zaidi kuliko kuzimika kabisa. Laini ndefu ya vijijini hupoteza fezi moja: tawi la mti limegusa, fyuzi moja ya transfoma imekatika, kiungo kimelegea. Taa za nyumba zilizo kwenye fezi mbili zilizobaki huendelea kuwaka, watu hawajui kitu, na mota iliyokuwa ikizunguka huendelea kuzunguka kwa fezi mbili huku ikinguruma na kupata moto. Fundi wa kusuka mota anaweza kuisoma ajali hiyo akifungua kifuniko tu. Ikiwa mota ilifungwa nyota, atakuta mafungu mawili ya koili yameungua meusi na la tatu ni safi, waya wake ungali unang'aa kwa vanishi. Ikiwa ilifungwa delta, ni fungu moja lililoungua na mawili yamesalimika. Mota iliyokufa kwa kulemewa na kazi huungua sawasawa pande zote. Dawa ya tatizo hili ni rilei ndogo inayolinganisha fezi tatu na kuachia kontakta moja ikikosekana, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na shaba ya kusuka upya. Lakini miaka mingi haikuwekwa, hasa kwa wenye mashine ndogo, na ufundi wa kusuka mota ukastawi katika masoko yetu kwa sababu hiyo. Ni ufundi wa kuheshimika, uliojengwa juu ya ubovu wa laini.

Ndipo ikaja inveta. Kazi yake ya ndani ni ya hatua mbili. Kwanza huchukua stima ya kupishana, iwe imetoka wapi, na kuigeuza kuwa ya mkondo mmoja. Volti 415 za fezi tatu huwa kama volti 587 kwenye kapasita zake. Kisha swichi za kielektroniki huikata stima hiyo maelfu ya mara kwa sekunde na kuiunda upya kuwa fezi tatu, kwa masafa na volti anayotaka fundi. Kwa maneno mengine, kila mota sasa ina mtambo wake mdogo wa kuzalisha umeme, umeketi ndani ya kabati la chuma. Kuwasha kwa mshtuko kumekwisha: mota hupanda taratibu kutoka sifuri bila kudai mara sita ya ampea zake. Fezi ikipotea, kifaa hugundua na kusimama. Na kwa feni za kunyaushia kuna faida ya kimaumbile, kwamba nguvu inayotumiwa na feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake. Ishushe hadi asilimia 80 ya mwendo wake na itahitaji karibu nusu tu ya nguvu. Majani yaliyoingia yamelowa mvua yanataka hewa nyingi. Saa kumi baadaye, yakishanyauka nusu, yanataka kidogo. Zamani hewa ilipunguzwa kwa kuziba mlango wa feni kwa kibao huku mota ikiendelea kula karibu stima ileile.

Wapo wanaosema hiki ni kifaa cha kupunguza bili, basi, na kukipa nafasi katika historia ni kukikuza. Ningekubali kama kingeishia kwenye feni. Lakini ubishi huo unasahau jambo lililokuwa sheria tangu 1934: kasi ya mashine iliamriwa na kilichotoka kwenye jenereta, iwe ya mtoni, ya Jinja au ya dizeli. Mota ya nguzo nne kwenye stima ya masafa ya hezi 50 huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika, Kericho sawa na Mombasa, na asiyeitaka kasi hiyo alibadili puli. Inveta ndiyo iliyoikata kamba kati ya jenereta na mashine. Kwa mara ya kwanza mwenye mashine anaamua mwenyewe.

Ila anaamua kwa masharti, na masharti hayo yanaonekana wazi zaidi sokoni kuliko kiwandani. Mashine ya posho ya zamani iliendeshwa kwa injini ya dizeli ya Lister, ambayo mlio wake ulikuwa ndio tangazo la biashara. Stima ilipoenezwa vijijini, kwa nguvu hasa kupitia mpango wa Last Mile ulioanza 2015, mteja wa kawaida alipewa fezi moja ya volti 240. Hiyo yatosha taa na redio. Haitoshi mota ya fezi tatu, ambayo ndiyo rahisi na imara kuliko zote. Leo mwenye mashine ndogo Chepilat anaweza kununua inveta inayoingiza fezi moja na kutoa tatu, na hapo kuna mtego unaowaingiza wengi hasarani. Kifaa cha kawaida cha namna hiyo hakiwezi kutoa volti zaidi ya zilizoingia. Fezi tatu zinazotoka zina volti 240, si 415. Kwa hiyo lazima asome kibati cha mota. Kikisema 230 kwa delta na 400 kwa nyota, afungue kisanduku cha nyaya, atoe vile vibati vitatu vya shaba vilivyolazwa kwa mstari mmoja vikiunganisha ncha za juu, avisimamishe kila kimoja kikiunga ncha ya juu na ya chini yake. Hiyo ndiyo delta. Akiacha nyota, mota itazunguka, lakini itakuwa dhaifu, na mahindi ya kwanza yenye unyevu yataikwamisha.

Upande wa kuingiza nao una hesabu yake. Mota ya kilowati 2.2 itavuta kwenye kila fezi inayotoka ampea kama 9, lakini fezi moja inayoingia lazima ibebe mzigo wa zote, na kwa namna kifaa kinavyofyonza stima kwa mikupuo, ampea za kuingia hupita 20. Aliyevuta waya wa soketi kwa kuangalia kibati cha mota ataona ukipata moto. Kericho na majirani zake ziko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na watengenezaji wa inveta na mota huhesabu uwezo wa bidhaa zao hadi mita 1,000; juu ya hapo, kwa kuwa hewa nyembamba haipozi vizuri, hupunguzwa asilimia 1 kwa kila mita 100. Kifaa cha kilowati 2.2 hapa kinafanya kazi ya kilowati 2. Kisha kuna radi. Ukanda huu ni miongoni mwa mahali penye mvua ya mawe nyingi kuliko kote duniani, na radi huandamana nayo. Stata ya kale ya kontakta iliweza kupigwa na mrindimo wa laini na kesho yake ikafanya kazi. Inveta isiyo na waya wa ethi uliofika ardhini kweli, wala kifaa cha kumeza mshtuko mlangoni, hufa papo hapo. Mota iliyoungua husukwa na fundi wa mtaani kwa siku mbili. Bodi ya inveta iliyopasuka haisukwi. Hilo ndilo pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu, na sina jibu la kulifuta: mwenye mashine ameachwa huru na jenereta, akafungwa kwa duka la vipuri la Nairobi.

Na uhuru wenyewe una mpaka unaosomeka kwenye kibati kilekile. Mota zinazozidi kilowati 4 hivi kwa kawaida huandikwa 400 kwa delta na 690 kwa nyota. Kwa mota kama hiyo volti 240 haziwezi kufaa, uifunge utakavyo, na inveta nyingi za kuingiza fezi moja huishia kilowati 2.2. Mashine ya posho inayoweza kuhudumia soko zima siku ya soko huhitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayetaka kukua anarudi kwenye ofisi ya kampuni ya umeme na fomu ya kuomba laini ya fezi tatu, alipie nguzo na pengine transfoma, au abaki na dizeli. Na umbali kutoka kwenye laini ya fezi tatu iliyo karibu ndio unaoamua atasagia wapi.